Ujumbe ule ule, sikio jingine: homoni za tumbo la kuku anayekua

Aliyelelewa katika nyumba ya Kipemba na akawahi kukabidhiwa kuku aliyechinjwa amsafishe, njia ya chakula ya ndege huyo anaijua kwa vidole kabla hajaijua kwa majina. Shingoni kuna gole, mfuko laini ambao mara nyingi hutoka ukiwa bado na chenga za mchele, vikokoto na pengine mguu wa panzi. Chini ya gole mrija huendelea mwembamba, kisha hunenepa ghafla ukawa kitu kama ncha ya kidole gumba, na ukikipasua utaona ndani yake vidoto vidogo vilivyopangana, kila kimoja kikitoa ute kikibinywa. Baada ya hapo ndipo huja firigisi, ambayo haihitaji kuelezwa, kwani katika nyumba nyingi huwa imeshajulikana ni ya nani kabla sufuria haijatelekwa. Kile kipande kilicho baina ya gole na firigisi hukatwa kikatupwa pamoja na matumbo, na jikoni kwetu sikuwahi kusikia kikitajwa kwa jina. Katika makala haya nitakiita tumbo la tezi, kwa sababu vile vidoto ni midomo ya tezi, na ndicho kitakachotushughulisha kuliko vyote.

Kuku hana meno, kwa hivyo kazi ambayo sisi tumeigawa baina ya kinywa na tumbo yeye ameigawa katika mifuko mitatu. Gole huhifadhi na kulainisha, tumbo la tezi hutoa asidi pamoja na kimeng'enya cha kuvunja protini, na firigisi husaga. Chakula hakifuati mkondo mmoja tu kama maji ya mfereji: firigisi ikijikaza huweza kukirudisha juu kwenye tumbo la tezi kikapate asidi zaidi, kikashuka tena, na hata kilichokwisha kuingia mwanzo wa utumbo mwembamba huweza kurejeshwa firigisini kikasagwe upya. Kwenda na kurudi huko kunahitaji misuli ya kila sehemu ijue zamu yake, na zamu hizo hupangwa na wasimamizi wa namna mbili. Wa kwanza ni neva, ambazo humfikia mlengwa wao mmoja kama tarishi mwenye barua mkononi. Wa pili ni homoni, ambazo hutiwa katika damu zikapita mwili mzima kama mbiu ya mgambo: mji wote unapitiwa na sauti, lakini anayetoka nyumbani kwake ni yule tu inayemhusu.

Kinachoufanya msuli au tezi ihusike ni kipokezi, yaani protini iliyokaa kwenye ukuta wa seli, yenye umbo la kuipokea homoni moja na kuzikataa nyingine. Seli isiyo na kipokezi cha homoni fulani haiisikii hata ikioga ndani yake. Hapa pana jambo ambalo wengi hulipita haraka, na mimi mwenyewe nililipita kwa miaka: tukiambiwa kwamba homoni hubadilika kwa umri, moja kwa moja tunafikiri imezidi au imepungua. Kumbe homoni inaweza kubaki ile ile, kwa kiasi kile kile, na mwili bado ukaitikia vingine, kwa sababu masikio ya kuipokea yamepungua mahali fulani na kubaki kama yalivyo mahali pengine. Habari ya kuku anayekua, kwa sehemu kubwa, ni habari ya masikio hayo.

Neno homoni lenyewe, tukilifuata asili yake, lilitokea tumboni. Mwaka 1902 William Bayliss na Ernest Starling, wakifanya kazi London, walionyesha kwamba utumbo mwembamba ukiguswa na asidi hutoa kitu kinachosafiri kwa damu na kuiamrisha kongosho imwage maji yake, hata pale neva za sehemu hiyo zilipokwisha kukatwa. Kitu hicho wakakiita sekretini, na mwaka 1905 Starling akalitumia neno homoni kwa wajumbe wote wa aina hiyo. Tangu hapo orodha imerefuka sana: gastrini inayochochea asidi, kolesistokinini inayokaza kifuko cha nyongo na kuleta shibe, na nyingine nyingi ambazo sina haja ya kuzitaja hapa. Mbili zinatutosha kwa sasa, nazo ni ghrelini na motilini.

Ghrelini ina kisa cha kupendeza, kwa sababu sikio lake lilijulikana kabla ya sauti yake. Mwaka 1996 wataalamu walikitambua kipokezi ambacho kikiguswa na dawa fulani za maabara huifanya tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, itoe homoni ya ukuaji. Mlango ulikuwepo na mgeni wake hajulikani. Alipatikana mwaka 1999, pale Wajapani Masayasu Kojima na Kenji Kangawa pamoja na wenzao walipoikuta ghrelini mahali ambapo wachache wangetarajia kuitafuta, yaani ndani ya tumbo la panya. Ghrelini ya kuku ilitambuliwa mwaka 2002. Ni mnyororo wa amino asidi 26, na kiwanda chake kikuu ni lile lile tumbo la tezi tunalolitupa.

Mnyororo huo peke yake hautoshi. Juu ya amino asidi ya tatu hubandikwa kijimkia cha mafuta chenye kaboni nane, na bila ya mkia huo kipokezi hakiisikii homoni. Mafuta ya kaboni nane ni miongoni mwa yale yanayopatikana katika nazi, na mwaka 2005 watafiti wa Japani walionyesha kwamba vifaranga wachanga wakipewa asidi hiyo ya mafuta, ghrelini yenye mkia huongezeka katika tumbo lao la tezi. Mtu wa visiwani, ambaye kuku wake wamekuzwa kwa chicha la nazi tangu enzi za bibi yake, hawezi kulisoma hilo bila ya kutabasamu. Hata hivyo asidi iliyosafishwa na kupimwa ni kitu kimoja, na chicha lililolala uani tangu asubuhi likaanza kuota ukungu ni kitu kingine.

Tahadhari nyingine ni kubwa zaidi. Kwa binadamu na panya, ghrelini imepata umaarufu wa kuwa homoni ya njaa, na ni kweli kwamba huamsha hamu ya kula. Kwa kuku mambo yamepinduka: kifaranga anayedungwa ghrelini katika ubongo hupunguza kula. Kwa hivyo anayezichukua habari za ghrelini kutoka katika maandishi ya kupunguza unene wa watu, akazitia katika banda la kuku, ni sawa na aliyepanda boti ya Mkoani akitarajia kushuka Dar es Salaam. Kilicho sawa kwa kuku na binadamu ni mambo mawili: ghrelini huchochea kutolewa kwa homoni ya ukuaji, na hulitikisa tumbo.

Kulitikisa tumbo ndiko kunakoikutanisha ghrelini na motilini. Motilini iligunduliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 na John Brown, aliyekuwa akifanya utafiti Kanada, na jina lake limetokana na mwendo, kwa kuwa kazi yake ni kuusukuma mrija wa chakula. Kwa nasaba ni ndugu wa ghrelini, na vipokezi vyao navyo vinafanana kama vya watu wa ukoo mmoja. Panya wa maabara, ambao ndio hutumika katika utafiti mwingi, hawana motilini inayofanya kazi wala kipokezi chake, kwa hivyo anayetaka kuziona ndugu hizi mbili zikifanya kazi pamoja hulazimika kumtafuta mnyama mwingine. Kuku ni mmoja wa hao, naye hupatikana kwa urahisi.

Sasa tuingie katika kiini cha jambo. Mwaka 2013 kundi la watafiti wa Japani lilichapisha matokeo ya kazi iliyouliza swali jepesi kulitamka: je, tumbo la kuku huitikia ghrelini na motilini vile vile tangu siku ya kuanguliwa hadi siku ya 100? Njia inayotumika katika kazi za namna hii ni ya kale na mtu wa jikoni ataielewa bila ya shida. Hukatwa ukanda mwembamba wa ukuta wa tumbo, ukaninginizwa katika maji ya chumvi yenye vuguvugu la mwili na kupulizwa oksijeni, ncha moja ikafungwa chini na nyingine ikaunganishwa na kipimo cha mvuto. Nyama hiyo, ingawa imetengana na kuku, bado ina uhai kwa saa kadhaa. Likidondoshwa tone la homoni, ukanda hujikunja, na kalamu au kompyuta huandika umejikunja kwa nguvu kiasi gani. Uzuri wa njia hii ni kwamba kiasi cha homoni kimo mkononi mwa mtafiti. Ikiwa ukanda wa kifaranga umejikunja sana na ule wa kuku mkubwa umejikunja kidogo kwa dawa ile ile, haiwezekani kusema kwamba mkubwa ana upungufu wa homoni. Tofauti imo katika nyama yenyewe.

Na ndivyo ilivyokuwa, lakini si kila mahali. Katika tumbo la tezi, mkunjo unaoletwa na ghrelini ulipungua kidogo kidogo kadiri kuku alivyokua, hadi siku ya 100. Katika gole, mkunjo wa ghrelini haukubadilika: gole la kifaranga na la kuku wa miezi mitatu viliitikia sawasawa. Kwa motilini, tumbo la tezi lilipoteza tena nguvu ya kuitikia kwa jinsi siku zilivyopita, ilhali sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba iliendelea kuitikia kama zamani. Ikiwa uzee wa tumbo ungekuwa ni uchovu wa jumla, tungetarajia gole na utumbo navyo vichoke. Havikuchoka. Kiungo kimoja kilichagua kulegea, na majirani zake wa juu na wa chini wakabaki vile vile.

Kwa nini kiungo hicho? Watafiti walipima vipokezi, au tuseme kwa uangalifu zaidi, walipima nakala za maagizo ambazo seli huandika inapotaka kutengeneza vipokezi. Maagizo ya kipokezi cha ghrelini yalipungua kwa umri katika tumbo la tezi, na katika gole yakaelekea kuongezeka. Maagizo ya kipokezi cha motilini yalipungua katika kila sehemu ya njia ya chakula iliyopimwa, lakini yaliporomoka zaidi katika tumbo la tezi kuliko katika sehemu ya mwisho ya utumbo. Ramani ya masikio, kwa hivyo, inalingana vizuri na ramani ya mikunjo. Nakala ya maagizo si kipokezi chenyewe, kama vile cheti cha ujenzi si nyumba, lakini mahali ambapo vyeti vimeacha kutolewa mtu hatarajii kuona nyumba mpya nyingi.

Pana fundo moja zaidi, nalo limenivutia kuliko mengine. Watafiti walitumia atropini, dawa inayozuia ujumbe wa neva zinazoongea na msuli kwa njia ya kemikali iitwayo asetilikolini. Atropini ilipotiwa, mkunjo wa motilini katika tumbo la tezi ulipungua, lakini ule wa utumbo haukujali. Maana yake ni kwamba ndani ya tumbo la tezi motilini haimfikii msuli moja kwa moja pekee. Kwa sehemu humwambia neva, na neva ndiyo inayomwambia msuli. Huko chini utumboni homoni inazungumza na msuli wenyewe bila ya mkalimani. Ghrelini nayo ina tabia kama hiyo: katika tumbo la tezi hupitia kwa neva kwa kiasi fulani, na katika gole humgusa msuli moja kwa moja. Basi ukizitazama sehemu hizi pamoja utaona kwamba mahali pasipo na mkalimani mwitikio umedumu, na mahali penye mkalimani mwitikio umefifia. Kwa maoni yangu hilo halipaswi kuchukuliwa kuwa sadfa tupu, ingawa ushahidi wa vipokezi ndio ulio na uzito zaidi na ndio wenyewe watafiti waliouegemea.

Ukuaji nao una neno la kusema hapa. Homoni ya ukuaji katika damu ya kuku huwa juu katika majuma ya mwanzo ya maisha, kisha hushuka kadiri ndege anavyokaribia utu uzima. Kwa hivyo wakati ambapo tumbo la tezi lina sikio kali zaidi kwa ghrelini ndio wakati ambao mwili mzima umo katika pilika za kukua, na kufifia kwa sikio hilo kunakwenda sambamba na kupungua kwa pilika hizo. Kwenda sambamba si kusababishana, lakini ni jambo la kutazamwa.

Siku za mwanzo zenyewe zina ugumu wake, na hapa nitamtaja jirani yangu, mama mtu mzima anayefuga kwa biashara ndogo, ambaye nilisimama naye bandarini Mkoani akipokea boksi la vifaranga mia waliosafiri kutoka Bara. Alipofunua, wengi walikuwa wamejikunyata pembeni, macho nusu.

"Mwanangu, hebu waangalie, hawa wamekufa njaa au ni uchovu wa safari?" aliniuliza.

"Bado wana akiba tumboni, mama, lakini tusiwacheleweshe," nikamjibu.

Akiba hiyo ni kiini cha yai. Siku mbili hivi kabla ya kutoka, kifaranga huvuta ndani ya tumbo lake kiini kilichobaki, na akiwa na gramu 40 hivi za uzito wa mwili, sehemu ya uzito huo ni kiini hicho. Sehemu yake huingia katika damu moja kwa moja, na nyingine hupitia katika kijirija kinachokiunganisha kiini na utumbo mwembamba, kisha ikasukumwa huku na huku, mpaka juu firigisini. Wengi hudhani kwamba kifaranga asiyekula hutumia kiini chake haraka zaidi kwa kuwa hana kingine. Imethibitika kinyume chake: aliyepewa chakula mapema humaliza kiini upesi kuliko aliyeachwa na njaa, kwani chakula huamsha utumbo na utumbo unaotikisika hukinyonya kiini. Katika juma la kwanza utumbo mwembamba hukua kwa kasi inayoupita mwili wenyewe. Mimi nauona usikivu mkubwa wa tumbo la tezi katika siku hizo kuwa na mahali pake katika mpango huu wa kutikisa na kusukuma, na huo ni uoni wangu.

Jioni ile baada ya kuwapa maji na chakula tuliwashika mmoja mmoja chini ya taa, kidole kikipapasa gole. Gole lenye maji matupu hutepeta kama puto dogo. Lenye chakula kikavu pekee huwa gumu na lina chembechembe. Na la kifaranga aliyekula na kunywa huwa laini kama uji mzito uliopoa. Gole, tukumbuke, ndilo lisilobadilisha kwa umri usikivu wake kwa ghrelini, kwa hivyo kipimo hiki cha kidole kina maana ile ile kwa kifaranga wa leo na kwa tembe wa miezi mitatu.

Hapa lazima niiguse dhana ambayo Unguja na Pemba haikosi kutajwa kila panapoliwa kuku wa kisasa, kwamba wamedungwa homoni ndiyo wakakua upesi hivyo. Homoni ya ukuaji ni protini, na ikitiwa katika chakula itameng'enywa kama dagaa. Kuwadunga kuku maelfu kila siku, mmoja mmoja, si kazi ambayo mfanyabiashara ataiona ina faida. Jawabu limo katika uzazi wa kuchagua. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walichapisha jaribio la kuwafuga pamoja, kwa chakula kile kile, kuku wa nasaba tatu: wa mwaka 1957, wa mwaka 1978 na wa mwaka 2005. Walipofika siku 56, wa kwanza walikuwa na gramu 905, wa pili gramu 1,808 na wa tatu gramu 4,202. Chakula kimoja, umri mmoja, na homoni hakuna aliyepewa.

Uzazi huo uligusa nini ndani ya kuku? Mambo mengi, lakini moja lililofunuliwa mwaka 2013 na watafiti wa Taasisi ya Roslin, Scotland, linarudi pale pale kwenye masikio. Walikuta kwamba tofauti za uzito baina ya kuku zinahusiana na jeni ya kipokezi cha kolesistokinini, ile homoni ya shibe. Kuku wenye nasaba ya kukua sana huandika maagizo machache ya kipokezi hicho, na wakipewa homoni yenyewe huitikia hafifu. Shibe inapiga mbiu kama kawaida, wao hawaisikii vizuri, wanaendelea kula. Kwa hivyo anayesema kwamba kuku wa nyama wana habari ya homoni hakukosea kabisa, ila ameitafuta katika sindano, nayo imo katika kipokezi walichorithi.

Jambo hili linazaa tofauti ambayo jikoni haionekani kwa macho. Kuku wa nyama huchinjwa baada ya majuma matano au sita, yaani siku 35 hadi 42, na mpunguo wa usikivu ulioelezwa hapo juu ulipimwa hadi siku ya 100. Ikiwa njia yake ni hiyo hiyo, basi yeye huliacha banda akiwa bado katikati ya mteremko. Kuku wa kienyeji akifika siku 100 bado ni pora au tembe, hajawika sawasawa wala hajataga, na tumbo lake la tezi limeshaipita sehemu kubwa ya mabadiliko hayo. Wakiwekwa wote wawili juu ya sinia moja wakasafishwa, vile vipande vya ukubwa wa ncha ya kidole gumba vitafanana, vidoto kwa vidoto, na vyote viwili vitatupiwa paka.